Shuka Isiyoanuliwa

Idwal alitaka bundi.
Wote hutaka bundi. Kutoka Cwm Helyg hadi pwani
nimekwisha kuchonga kumi na tisa,
na wawili kati yao sasa wameota uyoga masikioni.
"Mkubwa," alisema, "atazame barabara."
Nikasema sawa. Bei ni ile ile.

Dhoruba ya Februari ilikuwa imeuvunja mwaloni wake,
kikabaki kisiki kirefu kama mlango,
kipana kama meza ya watu sita.
Mwaka mzima sikukitia msumeno.
Mti mbichi ni mwongo: hukubali kila unachouambia,
kisha jua likitoka, hupasuka na kukana.
Nilibandua magome tu,
yakatoka mapande mapande kama gaga la kidonda kilichopona,
nikazungushia kokoto miguuni maji yasituame,
nikaenda zangu.

Alipiga simu kila mwezi.
"Bado?"
"Bado."
"Nina miaka themanini na mmoja, Heulwen."
"Kisiki kina mia mbili na kumi, na hakijalalamika."

Mwezi wa Mei nikaja na msumeno wa injini,
chaki, na patasi za marehemu shangazi.
Nilichora macho kwanza, ndiyo kawaida yangu,
nipate wa kunisimamia.

Mwaloni ukimeza chuma hutema wino.
Nilikuwa nimefika bega la kushoto
nilipoona unga wa mti ukigeuka
kutoka rangi ya mkate hadi buluu ya usiku,
na kabla mkono haujalitii jicho,
krrr! cheche,
na meno kumi na moja ya mnyororo yakaenda.
Nilitukana kwa Kiwelisi. Ni lugha nzuri kwa kazi hiyo.

Patasi, basi. Taratibu,
kama anayemtoa mtoto mwiba.
Ndani, shibiri moja kutoka nje,
kulabu, nene kama kidole gumba,
na shingoni mwake bado kipande cha kamba ya kijani.

Idwal alikuwa amekuja na chai.
Kikombe hakikumponyoka, kama isimuliwavyo.
Alikiweka juu ya ukuta, polepole sana,
akakigeuza mkono wake uelekee kwangu.
"Kamba ya Mererid," alisema. "Ya nguo."

Kisha akasema, wala sikuwa nimemuuliza,
kwamba alikuwa akianika hata wingu likiwa juu ya paa,
kwamba waligombana juu ya hilo miaka arobaini,
*Mvua inakuja, mwanamke.*
*Na upepo je, hauji?*
kwamba siku ile ya hospitali shuka zilibaki nje,
zikalowa, zikakauka, zikalowa,
wiki mbili,
na mtu wa kuzianua hakuwepo.
Yeye alikuwepo. Alisema hivyo pia.

Nilifuta bundi kwa mkono wa koti.

Ilichukua siku tisa.
Nyufa nilizoziogopa zikawa mikunjo,
bega lililokwisha kukatwa likawa tumbo la upepo.
Kila mkunjo niliuchimbia njia ya kushukia maji,
yasije yakalala humo, maana maji hayaamki.
Mafuta ya kitani mara tatu. Vanishi sikupaka:
vanishi huufungia unyevu ndani
kama mgeni na habari mbaya.
Kulabu niliiacha mahali pake.
Mvua ya kwanza ilichora chini yake michirizi mitatu ya wino.
Nilishika msasa. Nikaurudisha mfukoni.

Tarishi aliuliza kama ni pazia.
Mchungaji alidhani ni bawa la malaika, akafurahi,
hakuna aliyemsahihisha.
Idwal alilipa bei ya bundi,
na bahasha ya pili imeandikwa: *meno*.

Oktoba, usiku wa manane, simu.
"Yupo," ananong'ona. "Bundi. Wa kweli.
Amekaa juu ya shuka yake."
Nikasubiri.
"Amekunya, Heulwen. Kote, hadi upindo."
Kimya kirefu; nasikia mvua ya kwake kabla ya kwangu.
"Angekasirika huyo," anasema,
na huko gizani anacheka,
au anafanya kitu kinachofanana.